Mkazi Anapokwama, Chama Kiko Wapi?

Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa ya Magomeni Kota jijini Dar es Salaam. Kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa pale karibu miaka kumi kabla zikapata kurudi mtaani kwao. Habari za siku ile zilikuwa za majengo: ghorofa ngapi, vyumba vingapi, serikali imetumia kiasi gani. Kwangu jambo kubwa zaidi lilikuwa ile namba, 644. Miaka yote hiyo familia zile zilikuwa zimetawanyika, kila moja ikipanga ilikopata, na baadhi ya wazee walifariki kabla ya kuona hata msingi. Lakini walikuwa na kamati yao. Kamati ilidai, ilifuatilia, ikaendelea kusema kwa niaba ya kaya zilezile mpaka mwaka 2016, Rais John Magufuli alipowatembelea, akaagiza nyumba zijengwe na kuwaahidi miaka mitano ya kukaa bila kodi. Majengo yangeweza kusimama hata kama kamati ile isingekuwapo. Nani angepewa funguo ni swali jingine kabisa.

Kisheria, Magomeni Kota haikuwa na chama cha ushirika wa nyumba. Wakazi wake walikuwa wapangaji wa nyumba za halmashauri walioungana kwa sababu ya dhiki. Hata hivyo walichofanya ndicho kiini cha jambo ninalotaka kulichambua: chama cha wakazi kinamfaa nini mtu wa kipato kidogo, na kwa nini msaada wake hudumu mahali pengine na kuyeyuka mahali pengine? Nimefuatilia historia ya vyama vya namna hii Tanzania na Kenya, na nimefikia rai moja. Tumejifunza vizuri sana kumfikisha mtu maskini mlangoni mwa nyumba yake. Hatujajifunza kubaki naye akishaingia, na kinachotukwamisha ni fedha za kuendesha chama kuliko nia ya watu wake.

Ili kuelewa ukubwa wa msaada unaohitajika, mtazame mpangaji wa mjini. Dar es Salaam, ambayo sensa ya 2022 ilikuta ina watu zaidi ya milioni 5.3, mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja juu yake. Mama anayeuza maandazi hupata fedha kwa siku na hudaiwa kwa mwaka. Nairobi kodi hulipwa kila mwezi, lakini ukichelewa unaweza kurudi jioni ukakuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyako vimebaki ndani. Mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi. Mpangaji wa namna hiyo akipatwa na ugonjwa, msiba au kusimamishwa kazi, hana mtu kati yake na barabara.

Unyonge huo huonekana wazi zaidi siku ya bomoabomoa. Serikali ilipoamua kupanua eneo la bandari ya Dar es Salaam upande wa Kurasini, mwishoni mwa muongo wa 2000, wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji hawakulipwa, kwa kuwa fidia hufuata mali iliyoko juu ya ardhi, naye mpangaji hana mali pale hata kama amelala chumba kilekile miaka ishirini na watoto wake wamezaliwa humo. Ndipo Shirikisho la watu maskini wa mijini, ambalo lilikuwa limeanza kukusanya vikundi vya akiba tangu 2004 likisaidiwa na Kituo cha Maendeleo ya Jamii, CCI, likachukua hatua ambayo watu wengi waliiona ni ndoto. Wanachama walinunua ekari 30 huko Chamazi, kusini mwa jiji ukipita Mbagala, wakasajili ushirika wa nyumba wakauita Muungano.

Chamazi inastahili kuangaliwa kwa utulivu kwa sababu mafanikio na makwazo yake yamelala sehemu moja. Ushirika ulizungumza na mamlaka za mipango miji mpaka ukakubaliwa viwanja vidogo kuliko vya kawaida, maana kiwanja kikubwa ni kizuri kwenye ramani na ni ghali mfukoni. Nyumba zilichorwa za kujengwa kwa awamu: unaanza na sehemu ndogo inayokaliwa, unaongeza chumba kadiri unavyopata. Wanachama, wengi wao wanawake, walijifunza kufyatua tofali za saruji wenyewe. Kwa kuwa viwanja ni vidogo na vimebanana, kila kaya kuchimba shimo lake la choo kungekuwa hatari kwa maji ya ardhini, basi wakajenga mfumo wa pamoja wa majitaka. Hebu fikiria: watu waliohesabiwa kuwa hawana chochote Kurasini walikuwa wakibishana juu ya mteremko wa bomba la majitaka. Kwa macho yangu hiyo ni elimu ya uraia kuliko semina yoyote.

Lakini Chamazi ni mbali. Mama lishe ambaye wateja wake walikuwa makuli wa bandarini alipata kiwanja na kupoteza wateja. Nauli ya kwenda na kurudi, daladala mbili au tatu, ilikula fedha ileile iliyotakiwa kurejesha mkopo wa ujenzi. Wengine walilipia kiwanja lakini wakabaki kupanga karibu na mjini. Marejesho yalisuasua, na nyumba zilizokamilika zikawa chache kuliko matumaini ya mwanzo. Kosa lililokuwapo halikuwa la uvivu wa wanachama. Mpango wa nyumba ulihesabu saruji, mchanga na bati, ukasahau kuhesabu riziki. Ushirika uliokuwa na uwezo wa kumtafutia mwanachama njia ya kupata kipato kulekule Chamazi, soko, karakana, hata usafiri wa pamoja wa alfajiri, ungekuwa umemsaidia kuliko ule uliompunguzia bei ya tofali.

Kuna jambo jingine lililojitokeza Kurasini ambalo halipendezi kusikia. Watafiti Michael Hooper na Leonard Ortolano, katika maandishi yao ya 2012, walionyesha kuwa wenye nyumba walijitokeza kushiriki katika harakati za Shirikisho kuliko wapangaji, ingawa wapangaji ndio waliokusudiwa zaidi. Wengi wetu tungetarajia kinyume chake. Ukifikiri kidogo unaelewa. Mpangaji hajui kama mwakani atakuwa mtaa huu. Akiba anayoweka leo, jioni anazopoteza kwenye mikutano, anaziweka kwenye jambo ambalo huenda likazaa matunda akiwa ameshahamia Gongo la Mboto. Mwenye nyumba ana muda mrefu mbele yake. Chama kinachotaka kumhudumia mpangaji, basi, hakiwezi kumwambia asubiri miaka saba. Lazima kimpe kitu cha maana ndani ya miezi michache: mkopo mdogo wa kulipia kodi ya mkupuo, shahidi wa kusimama naye mbele ya mwenye nyumba, mtu wa kumsomea mkataba.

Hapo ndipo akiba ya kila siku inapoingia, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu wengi huiona kama jambo la vijisenti. Kenya, Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa 1996 wakati wa wimbi la kuvunja vibanda na kunyakua viwanja Nairobi, umejengwa juu ya vikundi vya akiba. Mkusanyaji hupita nyumba kwa nyumba na daftari. Anachukua shilingi kumi hapa, ishirini pale, hamsini siku njema. Kihesabu ni fedha ndogo mno kwa ujenzi. Lakini mkusanyaji huyo ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba mama fulani hajatoka ndani siku ya pili, kwamba mtoto wa jirani amerudishwa kwa karo, kwamba mume ameondoka na televisheni. Hakuna ofisi ya ustawi wa jamii yenye macho mengi hivyo. Kikundi hutoa mkopo mdogo kutoka akiba yake, na mtu anaepushwa na wakopeshaji ambao Watanzania wamewapa jina la kausha damu, wale wanaotoza riba ya wiki na kuja kubeba godoro. Ukiuliza wanachama wa zamani wa vikundi hivi chama kimewafaa nini, jibu mara nyingi halianzi na nyumba. Linaanza na msiba, hospitali, au siku ambayo askari walikuja na watu wakatoka pamoja.

Kambi Moto, katika eneo la Huruma jijini Nairobi, ndiyo mfano wa Kenya ninaouheshimu zaidi. Jina lenyewe limetokana na mioto iliyokuwa ikiteketeza vibanda mara kwa mara. Mwaka 2003 wakazi, wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walipata makubaliano na Baraza la Jiji la Nairobi kwamba wajenge palepale walipo, kwa viwango maalumu. Ugumu wa kwanza haukuwa wa serikali. Ulikuwa kati yao wenyewe. Ndani ya kijiji kimoja kulikuwa na wenye vibanda, wengine wakiwa na vibanda kadhaa vya kupangisha, na kulikuwa na wapangaji wao. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kila kaya ipate nafasi moja iliyo sawa na nyingine, awe mwenye vibanda au mpangaji. Aliyekuwa akipokea kodi kutoka milango minne alikubali kubaki na mlango mmoja wenye hati. Sijui sheria yoyote ya nyumba katika kanda yetu iliyowahi kufikia usawa wa namna hiyo kwa amri. Hawa walifika kwa mazungumzo.

Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo ajabu, kama mita nne na nusu kwa nne na nusu. Ili watu waelewe wanachokubali, walisimamisha mfano wa nyumba kwa vitambaa na nguzo, kwa ukubwa wake halisi, wakaingia ndani, wakajaribu mahali pa jiko na ngazi. Wakaamua kwenda juu: chumba juu ya chumba, hadi ghorofa tatu, kwa kutumia vipande vya zege vinavyofinyangwa mtaani na kuitwa ladhi, ufundi waliojifunza kwa wenzao wa India. Kila mwanachama alitakiwa kuweka akiba ya asilimia 10 ya gharama ndipo mfuko wa Akiba Mashinani, ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2003, umkopeshe kilichobaki. Nyumba za awamu ya kwanza zilikuwa 34, baadaye zikafika 62. Nani ajenge kwanza? Kikundi kiliangalia akiba na mahudhurio, na hapo manung'uniko yalikuwepo na hayajaisha, kwa sababu mlemavu, mgonjwa na bibi anayelea wajukuu hawawezi kushindana na kijana mwenye kibarua cha kudumu. Chama kinachotoa nafasi kwa bidii pekee huwatupa wanaohitaji msaada wake kuliko wote. Wale walioweka utaratibu wa kumbeba mwenzao asiyejiweza, kwa kazi ya mikono au kwa mkopo wa muda mrefu, ndio waliobaki kuwa chama.

Swali gumu zaidi huja baada ya nyumba kukamilika. Serikali ya Kenya ilipohamisha wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, mwaka 2009 na kuwaweka kwa muda kwenye maghorofa ya Lang'ata, familia mbili au tatu zilipewa fleti moja, kila moja chumba chake, jiko na choo vikiwa vya wote. Ilikuwa shule ngumu ya ujirani. Nyumba mpya 822 zilipokamilika na watu kuanza kurejea mwaka 2016, haikuchukua muda kabla ya kusikika kuwa wengine wamepangisha nyumba zao kwa watu wenye uwezo na kurudi kwenye mabati. Wasomaji wa magazeti walikasirika: tumewajengea, wameuza! Mimi siwezi kumkasirikia aliyepangisha. Mtu ambaye hajapata kulipa bili ya maji ya mita, umeme wa tokeni, marejesho ya mkopo na ada ya usafi kwa wakati mmoja, na ambaye mtoto wake amefaulu kwenda sekondari, anaona kwamba nyumba hii inaweza kumlipia karo. Anafanya hesabu ya mzazi. Swali ni nani alikuwa upande wake wakati anaifanya. Kama chama kingekuwepo na mfuko wa dharura wa miezi mitatu, na mtu wa kuketi naye kupanga bili zake, huenda asingehitaji kuondoka.

Kuna waliojaribu kuzuia jambo hilo kwa njia ya ardhi. Mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, Kaunti ya Taita Taveta, ulianza kama makazi holela kwenye ardhi iliyokuwa mali ya wengine, ikiwemo ya shirika la reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani, wakazi walielezwa njia tofauti za kumiliki: hati ya mtu mmoja mmoja, ushirika, au amana ya jamii. Wakachagua amana. Ardhi ingebaki ya wote milele, na mkazi angemiliki nyumba na maendeleo yake pamoja na hati ndogo ya kukaa. Akitaka kuondoka, anauza nyumba, hauzi ardhi, na jamii ina haki ya kununua kwanza. Sheria za Kenya wakati ule hazikuwa na kitu cha namna hiyo, ikabidi washone pamoja sheria ya vyama na sheria ya wadhamini ili wapate wanachotaka.

Nauona uamuzi wa Voi kuwa wa busara kubwa, na pia nauona udhaifu wake. Amana inalinda ardhi dhidi ya tajiri anayekuja na fedha taslimu. Haimlindi mkazi dhidi ya shida iliyomfanya afikirie kuuza. Ukimzuia kuuza na usimpe njia nyingine, atauza kwa siri, kwa bei ya kutupa, kwa karatasi iliyosainiwa kwa mzee wa mtaa. Kadiri hati zinavyochelewa na viongozi wa mwanzo wanavyozeeka, watoto wao huanza kuuliza kwa nini wao hawana hati kama watu wengine. Masharti ya kutouza yanahitaji kuambatana na huduma inayofanya kuuza kusiwe lazima, na huduma hiyo inahitaji mtu anayelipwa kuitoa.

Suala hili la mtu anayelipwa ndilo linalonifanya niangalie mbali kidogo, Glasgow, Uskochi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji hilo lilikuwa likibomoa maghorofa yake ya mawe, yenye vyoo vya kushirikiana ngazini, na kupeleka watu kwenye mitaa mipya pembezoni. Wakazi wa Govan, pamoja na wasanifu majengo vijana kutoka chuo kikuu, walionyesha kuwa majengo yaleyale yanaweza kutengenezwa kwa ndani, kila nyumba ikapata choo chake, bila kuhamisha mtu. Chama cha Central Govan kilianza 1971. Sheria ya nyumba ya 1974 ikaleta ruzuku ya serikali, na vyama vya mitaa vikaenea. Kamati huundwa na wakazi wasiolipwa. Kamati huajiri watumishi wanaolipwa: wa matengenezo, wa mahesabu, na wa kumsaidia mpangaji aliyezidiwa na deni, bili ya joto au fomu za mafao ya serikali. Fedha za mishahara hiyo hutoka kwenye kodi za nyumba, ambazo ni za chama na hazikomi. Desemba 2023 wapangaji wa chama cha Reidvale, kilichoanza 1975 mashariki mwa jiji, walipigiwa debe wahamie kwenye shirika kubwa la kitaifa. Wakapiga kura, wakakataa. Mtu hapigi kura kulinda jengo tu. Walikuwa wakilinda ofisi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, yenye watu wanaowajua kwa majina.

Tofauti yetu na Glasgow iko hapo, na haihusu utamaduni. Kule nyumba ni za chama na mkazi ni mpangaji, hivyo kila mwezi kuna mapato. Huku tumejenga vyama vya kumpatia mtu umiliki: mwanachama anakopa, anajenga, anarejesha, na siku anapomaliza mkopo chama hakina tena chochote kutoka kwake. Chama hufanikiwa na kufilisika kwa tendo moja. Chukua nyumba 62 kama zile za Kambi Moto. Kila kaya ikichangia shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, zinapatikana 18,600, ambazo hazitoshi mshahara wa mtu mmoja mwenye ujuzi, achilia mbali akiba ya kukarabati bomba na kupaka rangi. Kwa hiyo kazi yote huangukia mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaojitolea, mara nyingi wanawake watatu walewale tangu siku ya kwanza. Wanachoka. Mmoja anapougua, daftari hulala kabatini kwake. Mwingine anapozidiwa na shida zake, anaazima kutoka sanduku la chama, halafu anashindwa kurudisha, na imani ya miaka kumi inaondoka kwa mkutano mmoja wa kelele.

Ukaguzi ungesaidia. Tanzania ina shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, tangu 1982, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ina masharti mazuri ya mikutano na hesabu. Lakini masharti hayo yalifikiriwa kwa ajili ya vyama vya kahawa, pamba na Saccos za wafanyakazi. Ushirika wa nyumba wa watu sitini, wenye mzunguko mdogo wa fedha, unabebeshwa mzigo uleule wa karatasi. Historia yetu yenyewe inashuhudia kwamba serikali zilipenda nyumba za serikali kuliko nyumba za vyama. Tanzania ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, ikataifisha majumba mwaka 1971, ikaanzisha Benki ya Nyumba mwaka 1972 ambayo ilikufa 1995. Ushirika wa Mwenge, Dar es Salaam, ulioanza mapema miaka ya 1970, ulibaki kuwa mfano wa kutajwa kuliko kuwa njia ya kufuatwa. Kenya ilifanya vizuri zaidi kidogo: NACHU, muungano wa kitaifa wa ushirika wa nyumba ulioanza 1979, unavipa vyama vidogo wataalamu na mikopo ambayo visingeipata peke yake.

Naamini njia iko upande huo wa NACHU. Vyama kumi vya wilaya moja vinaweza kuajiri kwa pamoja mtunza hesabu mmoja na mshauri mmoja wa wakazi, anayekaa Jumatatu mtaa huu na Jumanne mtaa ule. Kila mradi wa nyumba wa jamii uwe na milango michache ya biashara, au vyumba vichache vya kupangisha, vinavyobaki mali ya chama daima kwa ajili ya kulipa mishahara hiyo. Wafadhili wanaopenda kuhesabu nyumba zilizojengwa waombwe kulipia miaka mitano ya kwanza baada ya kuhamia, kipindi ambacho wengi huanguka. Haya si mambo ya kushangaza. Watu wa vyama wameyasema kwenye mikutano yao kwa muda mrefu. Hayajapata mtu wa kuyaweka kwenye bajeti.

Kuna msaada mmoja ambao hauhitaji fedha nyingi na unaokoa nyumba nyingi, nao ni wa wajane. Mume akifa, ndugu huja. Mara nyingine huja kabla arobaini haijapita, wakidai nyumba ni ya ukoo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini wanawake wengi hawaijui, na kifo huleta mgogoro wa aina yake. Chama kilichoandika majina ya mume na mke kwenye daftari tangu siku ya kwanza, kilichohifadhi risiti za akiba zinazoonyesha kwamba mama ndiye aliyekuwa akileta fedha kila Jumamosi, kina ushahidi ambao baraza la ardhi litausikiliza. Wanachama kumi wakienda kuketi nyuma ya mjane siku ya shauri, hali ya chumba hubadilika. Vikundi vya akiba, vyenye wanawake wengi kuliko wanaume, vingepaswa kulifanya jambo hili kuwa sharti la kujiunga: jina moja halipokelewi pale palipo na wanandoa.

Kenya sasa imeingia katika ujenzi mkubwa. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayostahili. Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024 imeweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza katika mtaa mpya wa Mukuru, katika mradi uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya elfu kumi. Maombi hufanywa kwa mtandao wa Boma Yangu, mtu mmoja mmoja. Mtu anaingia kwenye jengo akiwa hamjui jirani wa mlango wa pili.

Mukuru ileile ilikuwa na kitu kingine. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na kaya zipatazo 100,000 zikaandaliwa kushiriki kwa makundi ya kaya kumi kumi, kila kundi likiwa na msemaji wake, na makundi yakikutana kwenye mabaraza makubwa zaidi. Watu walichangia mawazo juu ya barabara, mifereji, maji na shule. Mwishoni mwa 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara na maelfu walilala nje, na katika siku kama zile makundi hayo yanaweza kuwa njia ya kujua nani yuko wapi na mtoto wa nani hajaonekana. Makundi hayo hayajafa yote. Wizara inayogawa funguo inaweza kuyauliza, kabla ya kugawa ghorofa zinazofuata, ni kaya zipi zingependa kuhamia ngazi moja, nani ana mgonjwa asiyeweza kupanda juu, na nani tayari anashika daftari la akiba ambalo jengo jipya linaweza kuanza nalo.